Ibanie rangi mpaka siku yake ifike: mwongozo kamili wa kupanga rangi za seti kwa mtindo wa picha za zamani za Kihindi

Ukimwambia mtu "rangi za picha za Kihindi" kichwani kwake zinakuja zote kwa mpigo, pinki, njano, kijani, dhahabu, kila kona inawaka. Mi mwenyewe niliamini hivo miaka mingi, nimekulia nyumba ambayo Jumapili mchana lazima kaseti ya Kihindi iwekwe na mama anaanza kulia kabla hatujajua nani atakufa. Nilipoanza kazi ya kupamba seti za video za muziki na filamu fupi ndo nikakaa kuzitazama upya, nasimamisha, narudisha nyuma, na nikakuta kitu tofauti kabisa. Waliozitengeneza vizuri walikuwa mabahili wa rangi. Rangi ile kubwa unayoikumbuka wewe leo, unaikumbuka kwa sababu walikunyima kwa saa nzima au zaidi, halafu wakakupa mara moja.

Basi huu mwongozo ni wa hilo tu, jinsi ya kuibana rangi halafu kuiachia. Naandikia mtu mwenye simu nzuri au kamera ya kawaida, nyumba ya kuazima, na hela ya vitambaa na makopo mawili matatu ya rangi.

Hatua ya 1: tazama bila sauti, na ujue unatazama kopi gani

Chagua picha mbili tu, usichukue kumi. Zima sauti kabisa maana nyimbo zile zinakubeba na ukibebwa huoni kitu. Kila baada ya dakika moja piga skrinishoti, ukimaliza zipange zote kwenye ukurasa mmoja kama vigae. Hapo utaona hadithi ya rangi bila hata kujua Kihindi, utaona wapi pamekauka, wapi pamechanua.

Sasa kuna mtego hapa na watu wengi wanaingia. Kopi nyingi za mtandaoni zimetoka kwenye mikanda iliyochakaa. Mikanda mingi ya zamani ya Eastmancolor, aina ya mkanda wa filamu ya rangi, inapoteza ile rangi ya samawati kwanza, inayobaki ni wekundu wekundu na upinki, nyuso zinakuwa kama za watu wenye homa. Mtu anaona vile anasema "aah huu ndo mtindo wa zamani" anaweka filta ya pinki video nzima, kumbe ananakili uchakavu. Tafuta kopi iliyosafishwa, na ukikosa angalia vitu unavojua rangi yake, majani, mbingu, nywele nyeusi. Kama majani yamekuwa kahawia basi hata hiyo sari usiiamini.

Mtego wa pili ni picha ya Mughal-e-Azam. Ilitoka 1960 na sehemu kubwa ilikuwa nyeusi na nyeupe, ile ya rangi mwanzo mpaka mwisho ilitoka 2004 na rangi zake zilichaguliwa na watu wa kompyuta miaka 44 baadaye. Ukitaka kujifunza rangi za dairekta wake K. Asif na wenzake angalia wimbo wa Anarkali, yule binti mchezaji, kwenye ukumbi wa vioo na zile sehemu za mwisho, ndo zilishutiwa kwa rangi toka mwanzo, kwa Technicolor. Na jaribu kufikiria mtu wa 1960 kakaa ukumbini, kazoea kijivu toka anaingia, ghafla ukumbi wote wa vioo unalipuka rangi binti anapomwambia mfalme usoni kwamba kapenda na haogopi. Sijui kama kuna somo zuri la kubana rangi kuliko hilo, na nusu yake ililetwa na ugumu wa pesa na mikanda, siyo nadharia.

Hatua ya 2: jua kila rangi ina kazi gani kule kwao

Usichukue rangi kwa sababu inapendeza tu. Kwa Wahindu wengi, hasa kaskazini, nyekundu ni ya bibi harusi na ya mke ambaye mume yuko hai, ndo ile sindoor, unga mwekundu unaopakwa kwenye mstari wa nywele. Nyeupe kwa mwanamke ni ujane. Rangi ya zafarani, ile chungwa iliyoiva, ni ya mtu aliyeiacha dunia, masadhu. Manjano inakuja na kupakwa manjano kabla ya harusi na pia msimu wa maua ya haradali.

Ila usikariri kama jedwali la hesabu. Kerala sari nyeupe ya maziwa yenye ukingo wa dhahabu ni nguo ya sikukuu kabisa, haina msiba ndani yake. Na kwenye picha za Waislamu wa Lucknow na Delhi lile shuka jeupe linalotandikwa sakafuni ni heshima ya baraza. Kwa hiyo jiulize kwanza hadithi yako iko kwa nani, wapi.

Kuna na hesabu ya zamani zaidi, ya Natyashastra, kitabu cha kale cha Kihindi cha sanaa ya jukwaa, ambacho kinaipa kila hisia rangi yake: hasira nyekundu, kicheko nyeupe, huzuni kijivu cha njiwa, woga mweusi, mshangao njano, na mapenzi kinayapa rangi ya giza la kijani kuelekea bluu. Hiyo ya mwisho inanishangaza kila nikiifikiria, sisi tumeshazoea mapenzi ni nyekundu basi. Jaribu siku moja kushuti wimbo wa mapenzi kwa kijani iliyoiva na bluu ya usiku, uone unavotulia.

Hatua ya 3: chagua rangi moja ya kubana

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinaihudumia hii.

Chukua Sholay ya 1975. Kijiji kizima kilijengwa na Ram Yedekar kwenye miamba ya Ramanagara karibu na Bangalore, vumbi, mawe, kahawia, khaki. Ndani ya hilo vumbi anapita Radha, mjane, nyeupe tupu kichwa mpaka miguu, haongei. Halafu picha inakurudisha nyuma siku ya Holi, sikukuu ya kurushiana rangi, kabla hajaolewa, binti yuleyule anacheka, anakimbia, anamwagia watu rangi. Hakuna anayekuhubiria kuhusu ujane. Ukirudi kwenye ile sari nyeupe unaiona sasa kama kitu kilichofuliwa rangi ikatoka yote.

Kwenye picha ya Kati Patang wanaigeuza: mwanamke yuko kwenye nyeupe ya ujane, siku ya Holi mwanaume anampaka rangi mbele ya watu wote, na ule unga mwekundu kwenye kitambaa cheupe unakuwa jambo zito kuliko busu. Kwenye Guide ya 1965 ni shuka tu. Raju, mhusika mkuu, amelala hekaluni, kachoka, hana mbele wala nyuma, sadhu mmoja anamfunika shuka la zafarani, kesho yake wanakijiji wanamkuta nalo wanamdhani ni mtu mtakatifu. Rangi ya kitambaa imebadilisha maisha ya mtu. Na Mother India ya 1957 udongo umetawala, watu wenyewe wamepakwa tope, mpaka mwishoni maji ya mfereji mpya yanageuka mekundu machoni pa yule mama.

Sasa fanya hivi. Andika hadithi yako kwa sentensi moja, halafu ujibu: kitu gani kinabadilika na hakirudi? Pale kinapobadilika ndo rangi yako inaingia. Chagua rangi moja. Toka dakika ya kwanza mpaka pale, rangi hiyo ni marufuku kwenye fremu. Siyo kupunguza, marufuku.

Nasema kwa uchungu kidogo. Filamu fupi yangu ya kwanza tulibana nyekundu kwa ajili ya kitambaa cha harusi cha binti, nimehangaika wiki mbili, nimebadilisha mapazia, nimeficha kalenda ya ukutani, kufika kwenye kuediti tunakuta jikoni kuna ndoo ya plastiki nyekundu sini tatu mfululizo. Mama anaongea maneno ya maana na jicho lako lote liko kwenye ndoo. Kitambaa kilipokuja kuonekana kilikuwa nyekundu ya pili, hakikumgusa mtu.

Hatua ya 4: tengeneza ubao wa vitambaa

Usipange rangi kwenye kioo cha simu, panga kwa kitambaa. Nenda kwenye maduka ya vitambaa, Kariakoo kama uko Dar, omba vipande vidogo, wengi wanakupa ukieleza vizuri na ukinunua mita moja moja. Bandika kwenye boksi kwa mpangilio wa sini, sini ya kwanza kushoto. Juu weka rangi za ukuta na sakafu, katikati nguo za wahusika, chini vitu vidogo, vyombo, maua, bangili. Rangi uliyoibana inakaa upande wa kulia mwisho peke yake.

Ubao ukikamilika uegemeze karibu na dirisha saa nne asubuhi, upige picha kwa kamera ileile utakayoshutia, rudia saa kumi jioni, rudia usiku chini ya taa. Utashangaa. Damu ya mzee ya asubuhi usiku inakuwa nyeusi, bluu bahari nyingine inageuka kijani chini ya taa za bei rahisi, na pinki kali inavuja kwenye simu mpaka mikunjo ya nguo haionekani. Kinachokataa kamera kiondoe hapohapo hata kama unakipenda.

Hatua ya 5: ukuta unyamaze

Wapangaji wengi wa seti za zamani walikuwa wachoraji kwanza. Kanu Desai aliyefanya Jhanak Jhanak Payal Baaje ya 1955 alikuwa mchoraji wa Gujarat, M. R. Acharekar wa picha za Raj Kapoor naye mchoraji na mwalimu wa uchoraji. Mchoraji anaanza na usuli, anaupa rangi tulivu ili kilicho mbele kionekane. Na wewe anza hapo.

Ukuta mweupe pee ni adui wa ngozi zetu. Simu inaona ukuta unawaka inapunguza mwanga wote, uso wa mhusika unazama. Chukua rangi ya maji nyeupe, changanya na kahawia kidogo na njano kidogo mpaka upate rangi kama ya maziwa yenye chai kidogo, au kama nyumba ni ya hadithi ya kijijini nenda mpaka rangi ya udongo. Ukitaka bluu au kijani ile ya nyumba za zamani ichanganye na kijivu, isiwe ya kopo kama ilivyo. Paka mkono wa kwanza, ukikauka chukua sponji yenye maji na rangi iliyokoza kidogo upitishe chini karibu na sakafu na kuzunguka swichi na mlango, pale mikono ya watu inagusaga. Ukuta unapata umri.

Kama nyumba si yako na huruhusiwi kupaka, nunua marikani, chovya rangi, pigilia juu ya fremu za mbao nyepesi usimamishe nyuma ya wahusika. Inatosha kabisa kwa shoti za karibu.

Kuna wakati pia hupaki chochote. Satyajit Ray picha yake ya kwanza ya rangi, Kanchenjungha ya 1962, aliipeleka Darjeeling na akaacha jua, mawingu na ukungu vifanye kazi ya ukuta, hali ya hewa inabadilika na mioyo ya ile familia inabadilika nayo. Kama lokesheni yako ina ukungu wa asubuhi, Lushoto kwa mfano, au ufuo wakati maji yametoka na mchanga umebaki na kijivu chake, tayari una usuli wa bure.

Hatua ya 6: nguo, na siri ya chai

Kanuni ni fupi: nguo ya mhusika mkuu isifanane na ukuta, na isifanane na ngozi yake. Rangi ya ugoro kwenye ngozi ya kahawia inammeza mtu. Manjano iliyoiva, kijani cha jani la mgomba, damu ya mzee, bluu ya wino, hizi zinaipenda ngozi nyeusi vizuri sana. Wahusika wa pembeni wavalishe rangi za ukoo mmoja na ukuta, zilizokoza zaidi au zilizopauka zaidi, ili jicho lisiwahangaikie.

Nyeupe ni kesi ya peke yake. Nyeupe ya dukani ina mng'ao wa bluu na kwenye kamera inaungua, mikunjo yote inapotea. Ichovye chai. Ndoo ya lita 20, maji yaliyochemka nusu ndoo, majani ya chai makavu konzi mbili ndani ya kitambaa kilichofungwa ili yasiache madoa, chumvi konzi moja. Acha ikolee, toa ule mfuko, ongeza maji kidogo, lowesha nguo kwenye maji safi kwanza halafu ndo uizamishe, geuza geuza dakika 15. Ikamue, anika kivulini. Ikiwa kwenye kamba utaona kama imechafuka kidogo ila kwenye kamera itaonekana nyeupe safi na kila mkunjo utausoma. Hakikisha ni pamba, poliesta haishiki chai.

Na fua kila kitu cha rangi kali kabla ya siku ya kushuti uone kama kinachuja. Mwigizaji akitoka jasho kwenye sari ya zafarani inayochuja, shingo yote inakuwa ya chungwa.

Hatua ya 7: mwanga upite mahali kabla haujafika usoni

Mikanda ya rangi ya mwanzo ilikuwa mizito sana kushika mwanga, kwa hiyo walijaza mataa makubwa ya moto, ndo sehemu ya ule unene wa rangi unaouona. Wewe huhitaji mataa hayo, unahitaji mwanga uliolainishwa. Mwaka 1956 kwenye picha ya Aparajito ya Ray, mpiga kamera Subrata Mitra alitaka ua wa nyumba ya Benares uliojengwa studio na Bansi Chandragupta uonekane una mwanga wa mbingu kweli, akatandaza kitambaa cheupe juu ya seti na kurushia taa pale, mwanga ukawa unarudi chini umelainika. Ilikuwa nyeusi na nyeupe ila kwa rangi inafaa hata zaidi, kwa sababu taa ya moja kwa moja inapausha rangi upande mmoja na kuizamisha upande wa pili.

Shuka jeupe, kamba nne, taa mbili za LED zinatazama juu, basi. Ila kumbuka mwanga unabeba rangi ya pale ulipogonga, ukirusha taa kwenye ukuta wa kijani nyuso zote zitakuwa za kijani. Ukitumia vioo kwa ajili ya ule mtindo wa ukumbi wa Anarkali utapata shida waliyoipata wao, kila kioo kinarudisha taa kwenye lenzi. Wao walivipaka nta nyembamba na kurudisha mwanga kupitia vitambaa. Mshumaa mmoja uliosuguliwa kwenye kioo halafu ukapitishiwa kitambaa kikavu, bado unafanya kazi mpaka leo.

Kwenye simu funga mwanga kwa uso, shusha kidogo mpaka rangi ikolee, halafu usiiache simu ijiamulie tena. Na weupe wa taa (white balance) ufunge vilevile, la sivyo mtu mwenye sari nyekundu akiingia simu inaona joto jingi inaanza kuongeza bluu kwa ukuta, na kazi yako yote ya makopo imeliwa.

Hatua ya 8: siku ya kushuti, mtu mmoja awe mlinzi wa rangi

Kabla ya kila shoti mlinzi anasimama nyuma ya kamera, anafumba macho nusu mpaka kila kitu kinakuwa na ukungu, anaangalia nini kinamrukia. Kama siyo mhusika, kinatolewa. Kifuniko cha chupa ya maji, kandambili, waya wa ekstensheni, lebo ya mtungi wa gesi. Msimuonee aibu mtu akisimamisha shoti kwa ajili ya kifuniko. Angepatikana mtu wa hivo kwetu ile ndoo isingekaa jikoni sini tatu.

Hatua ya 9: kompyuta, kidogo sana

Kama umefanya hayo ya juu hapa huna kazi kubwa. Sawazisha shoti zifanane, ziongezee giza kidogo kwenye vivuli, shusha ukali wa rangi kwa sini zote za kabla ya ile siku kama asilimia 10 hivi, na sini ya siku yenyewe iache ilivyo. Basi. Programu kama DaVinci Resolve toleo la bure inatosha. Usiweke filta ya "retro".

Hatua ya 10: kuiachia

Chukua sasa Pakeezah, 1972, picha iliyomchukua Kamal Amrohi zaidi ya miaka kumi, ilianza nyeusi na nyeupe ikarudiwa kwa rangi. Mwishoni Sahibjaan, binti mchezaji ngoma, anaitwa kucheza kwenye harusi ya mwanaume anayempenda. Sakafu imetandikwa shuka jeupe. Taa ya kioo inavunjika, anacheza juu ya vipande, peku, na nyayo zake zinaanza kuandika nyekundu kwenye lile shuka. Picha nzima umeona kila aina ya rangi kwenye vibaraza vya Lucknow na Delhi, na bado nyekundu hii ni mpya, kwa sababu haijatoka dukani, imetoka mguuni kwake.

Kwa hiyo siku yako ikifika, panua kwanza. Onyesha nafasi yote ikiwa kama tulivyoizoea, tulivu, halafu rangi iingie ndani ya fremu yenyewe, mtu aingie nayo au imwagike mbele yetu, usikate ukaja kuikuta tayari ipo. Kamera isimame. Hesabu mpaka nane kichwani kabla hujamruhusu dairekta kukata, muziki ukiweza ushushwe. Kama ni unga wa rangi tumia unga wa mahindi laini na rangi ya chakula, usitumie rangi za viwandani kwa macho ya watu, na funga simu kwa nailoni uache lenzi tu.

Na kama ni kitu kinachotia doa, shuka, kanzu, ukuta, una nafasi moja kwa kila kimoja. Nunua mashuka matatu ya aina moja siku moja, yachovye chai ndoo moja, anika pamoja, na lile la tatu mpe mlinzi wa rangi akae nalo mpaka mwisho.